Mechi Tatu za Líber Techera

Olegario Basso alikuwa akipasua mbavu za ng'ombe kwa msumeno aliposema maneno yaliyomfanya Líber Techera asahau nyama aliyokuja kununua.

"Jitunze mpaka Jumapili, Líber," alisema bila kuinua macho. "Usile vibaya, usilale dirisha wazi. Sisi wa Comercio tunakuombea ucheze."

"Mnaniombea tangu lini?"

"Tangu binti yangu aliposoma karatasi yako." Basso aliweka msumeno chini, akajipangusa kwenye aproni, akainua vidole vitatu vilivyolowa damu. "Mechi tatu, sivyo? Kadi nyekundu ya moja kwa moja. Kiwiko cha uso. Nami siku zote nikidhani wewe ni mtu mpole, bwana! Haya, nikukatie kilo ngapi?"

Wanawake wawili waliokuwa dukani walianza kuzitazama soseji kwa makini sana. Líber alitoka bila nyama. Joto la Desemba lilimpokea mlangoni, na alitembea mitaa mitatu kabla hajagundua kwamba alikuwa amekunja ngumi.

Mji mzima wa Paso del Cardo, huko Uruguay, uliijua kazi ya Basso. Alikuwa mjumbe wa Comercio, klabu ya wenye maduka, na katika mataji tisa ya Comercio matatu yalikuwa ya mezani. Mjumbe mzuri, kwa desturi ya kule, hapigi kelele kabla ya mechi. Anaitafuta karatasi yenye kasoro, anaikunja, anaitia mfukoni na kwenda kutazama mpira kama mtu mwingine yeyote. Timu yake ikishinda, karatasi inawashia moto wa kuchomea nyama. Ikishindwa, kesho yake asubuhi anaipeleka Ligi pamoja na barua ya pingamizi, na kombe linahama kabati. Hakuna aliyeona aibu kwa hilo. Basso alikuwa amelisema mapema kwa sababu moja tu: safari hii alikuwa anakula pande zote mbili. Líber akicheza, ushindi wa timu yake, wapinzani wa Comercio katika fainali ya Jumapili, ungefutwa. Líber asipocheza, wapinzani wangeingia uwanjani bila mtu wao bora. Utamu huo ulimzidi, ukamtoka kinywani.

Ingekuwa uongo, Líber angemrukia juu ya meza ya nyama na mji ungempa haki. Lakini ilikuwa kweli, na ukweli huo alikuwa ameuficha tangu Juni.

Aliporudi kutoka Ulaya mwezi huo, akiwa na miaka thelathini na saba na goti lililojaa maji, klabu yake ya utotoni ilimchomea kondoo wawili. Klabu hiyo inaitwa La Tijera, na nembo yake ni mkasi wa kunyolea kondoo, maana walioianzisha ni wanyoaji. Kwa miaka arobaini na moja haikuwa imechukua ubingwa. Pocho Larrosa, fundi wa matrekta ambaye ndiye mwenyekiti, alisimama na glasi mkononi, akauliza, "Tuambie, ndugu yetu, mechi ya mwisho ilikuwaje?" Naye Líber, mbele ya nyuso zile zilizong'aa mafuta na furaha, alisema walimtoa dakika ya themanini, nahodha akamkumbatia, uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Walipiga meza kwa ngumi. Kocha Heber Moreira, aliyekaa naye dawati moja shuleni, alilia.

Hakukuwa na makofi. Ilikuwa Slovakia, daraja la pili, mvua, watu mia tatu. Nusu saa kabla ya mechi mkurugenzi alimsimamisha kwenye korido, akamwambia kupitia kwa mkalimani kwamba mkataba hautaongezwa na chumba cha klabu kinatakiwa kuwa wazi ifikapo Jumanne. Mkalimani alikuwa anatafuna kitu. Líber aliingia uwanjani akiwa ameyameza hayo kama alivyokuwa ameyameza mengine yote. Dakika ya sitini na mbili kiungo wa upande wa pili, kijana wa miaka kumi na tisa, alimpitishia mpira katikati ya miguu na kumpigapiga shavuni. Kijana wa watu hakuwa na kosa kubwa. Alikuwa karibu, basi. Líber alisikia mfupa wa pua ukivunjika chini ya kiwiko chake, na kwa muda usiozidi pumzi moja alijisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia katika miaka kumi na sita.

Alikuwa kiungo mkabaji, namba tano, kama wanavyoiita kazi hiyo kwao. Namba tano hafungi mabao. Anakaa katikati, anawakatia wapinzani njia, anaupokonya mpira na kumpa mwenzake anayejua kuupamba. Mwenzake ndiye anayepigwa picha. Alifanya hivyo katika klabu kumi na moja za nchi saba, na hakuna hata moja aliyoiacha kwa hiari yake. Kusini mwa Italia walimvika skafu, wakampa jezi namba sabini na tatu, kisha wakamtoa kwa mkopo kabla hajaijua njia ya kutoka hotelini kwenda mazoezini. Ugiriki kocha alimwita Mbrazili. "Mimi ni wa Uruguay," alisema. "Sawa tu," kocha akajibu, "kimbia." Romania alicheza mechi thelathini na moja, mwaka wake bora kuliko yote, mwisho wa msimu tajiri mwenye timu alitoweka, na wachezaji walikuta kufuli getini. Kupro walimdunga sindano gotini kila Ijumaa. Alijua kusema "kesho" kwa lugha saba, kwa kuwa ndilo neno aliloambiwa zaidi maofisini.

Makocha wote walimsifu kwa sifa moja, kwamba ni mtu wa kutegemewa, na alijifunza kuichukia. Mtu wa kutegemewa ndiye anayekopeshwa. Ndiye anayetolewa dakika ya sitini ili mgeni wa bei kubwa apate kuonekana. Ndiye anayepewa habari mbaya kwenye korido, kwa sababu wanajua hatapiga kelele. Mkewe Marisel alifungua masanduku katika nyumba sita. Katika ya saba alikataa kuyafungua, akamchukua binti yao na kurudi Montevideo. Mama yake Líber alifariki yeye akiwa Bulgaria. Klabu ilizuia habari hadi mazoezi yalipokwisha, maana Jumamosi kulikuwa na mechi. Kwao mtu huzikwa kesho yake, na alipofika, udongo ulikuwa umeshakauka na kupasuka.

Chini ya hasira hizo zote ilikuwapo nyingine, ya zamani zaidi, aliyoibeba kimya.

Alipokuwa na miaka kumi na mitano, wakala mmoja wa Montevideo, mtu wa viatu vyeupe, alifika nyumbani kwao na karatasi ya kurasa nne. Baba yake, Ceferino Techera, alikuwa mnyoaji wa kondoo, mtu wa kuhama shamba hadi shamba na kundi la wenzake, mgongo umepinda, mikono haiishi kunuka mafuta ya manyoya. Alisaini juu ya meza ya jikoni bila kusoma hata mstari. Wiki iliyofuata lori lilishusha uani mashine ya kunyolea, mpya kabisa, ya wanyoaji wanne kwa mara moja, na Ceferino akawa mkuu wa kundi. Kwa kurasa zile wakala alimmiliki Líber mpaka alipofikisha miaka ishirini na tisa. Yeye ndiye aliyeamua auzwe wapi, akopeshwe kwa nani, akae au aondoke. "Walinibadilisha na mashine," Líber alimwambia Marisel siku moja, na hakulirudia tena neno hilo kwa mtu yeyote. Yeye na baba yake walizungumza habari za mvua, za bei ya sufu, za jino linalouma. Mzee sasa alikuwa na miaka sabini na tisa, na hakuwa amemwona mwanawe akicheza tangu alipokuwa mvulana, maana mechi za madaraja yale hazikufika kwenye televisheni ya Paso del Cardo. Hata baada ya Líber kurudi, mzee hakukanyaga uwanjani. "Nitakuja fainali," alisema mwezi Juni, kama mtu anayetaja mwaka usiofika.

Sasa fainali ilikuwa imefika, na Líber aliitaka mechi hiyo kuliko alivyowahi kuitaka yoyote.

Kutoka dukani kwa Basso alikwenda moja kwa moja ofisi ya Ligi, chumba kimoja nyuma ya posta. Katibu wake, Zulma Bentancor, alikuwa mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya mji. Alikuwa na kibuyu chake cha yerba, chai ya kule, mkononi, mrija mdomoni.

"Mwalimu, karatasi yangu ya uhamisho iko wapi?"

"Kwenye faili, Techera, mahali ilipo tangu Julai. Basso aliiomba Jumatatu akanakili. Mjumbe yeyote ana haki."

"Ulijua imeandikwa nini?"

"Ningejuaje? Ni Kiingereza hicho. Mimi nilifundisha hesabu na historia. Niliona mhuri, nikaona jina lako, nikaiweka." Alivuta yerba mpaka kibuyu kikakoroma. "Kosa langu lipo, sikatai. Lakini kiwiko ni chako."

"Na mechi nilizokwisha kucheza?"

"Hizo zimepita. Pingamizi lina saa arobaini na nane, na hakuna aliyeleta. Ila adhabu haiishi kwa sababu hakuna aliyeiona. Hujaitumikia hata siku moja. Ukicheza Jumapili mkashinda, Basso atanikuta Jumatatu hapa mlangoni kabla sijachomoa ufunguo."

"Nisipocheza?"

"Utakuwa umetumikia moja. Zitabaki mbili."

Líber alikaa kwenye kiti cha wageni, akacheka vibaya. "Kule walinifukuza, Mwalimu. Walinipa siku mbili nitoe nguo zangu. Na bado wana mkono wa kunifikia mpaka hapa?"

"Karatasi hazijui ulifukuzwa," alisema Zulma. "Kesho jioni nitaileta klabuni kwenu. Waambie mwenyewe kabla sijafika. Ni afadhali kwako."

Hakuwaambia kabla. Usiku ule alijaribu maneno mengi kichwani, na kila sentensi iliyoanza vizuri iliishia kwenye yale makofi.

Ijumaa, jua likiwa bado juu ya miti ya mikalitusi, kantini ya La Tijera ilijaa. Wale wanawake wawili wa soseji walikuwa wamefanya kazi yao. Pocho Larrosa alikuwa amesimama kwenye kaunta, uso mwekundu.

"Basso anabwata tu, jamani! Mwaka ule si alisema kipa wetu ana jina la mtu mwingine? Alileta nini? Hakuleta kitu. Anataka kututia hofu."

"Habwati," alisema Líber.

Watu waligeuka. Zulma aliingia wakati huohuo, faili kwapani, akaliweka juu ya kaunta. "Mimi ni wa Ligi," alitangaza, "si wa La Tijera. Nimekuja kwa sababu karatasi hii inawahusu. Msinipe kinywaji."

"Isomwe," ilisema sauti kutoka kwenye jiko la kuchomea nyama.

Alikuwa Ceferino Techera. Hakuna aliyemwona akiingia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mchomaji, kofia magotini.

"Don Ceferino, ni Kiingereza," Pocho alisema kwa heshima.

"Mwanangu anakijua. Asome yeye."

Líber alimtazama baba yake. "Unataka nisome mbele ya watu wote hawa?"

"Mstari kwa mstari. Karatasi yako ya kwanza sikuisoma. Hii nataka kuisikia."

Miaka ishirini na mbili alikuwa ameyangoja maneno hayo, na alikuwa amejiandalia majibu mengi, mengine makali sana. Mzee aliyasema hivihivi, mbele ya wachoma nyama na mafundi, bila kutetemeka, kisha akakaa anangoja kama aliyetoa amri ya kufunga zizi. Hakuomba msamaha. Líber alisikia damu ikimpanda mpaka masikioni. Alilifungua faili, akasoma.

Alisoma jina lake na tarehe ya kuzaliwa. Alisoma jina la klabu ya mwisho. Sauti yake ilikuwa kavu. "Adhabu ambazo hazijatumikiwa," alitafsiri. "Mechi tatu. Sababu: kumpiga mpinzani kwa kiwiko, usoni, mpira ukiwa mbali. Dakika ya sitini na mbili." Alifunga faili. "Ni mechi yangu ya mwisho. Sikutolewa na kocha. Nilitolewa na mwamuzi."

Heber Moreira ndiye aliyeanza. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulituambia walisimama wakakupigia makofi."

"Nilidanganya."

"Nililia, Líber. Mbele ya wachezaji wangu."

"Nilikuona."

"Kwa nini, lakini? Sisi ni nani wa kudanganywa?"

"Kwa sababu mlikuwa mmeshainua glasi!" Hapo hasira ilikata kamba. "Mlitaka makofi, nikawapa makofi! Miaka kumi na sita mliniandikia: Líber, leta jezi. Líber, tuletee njumu. Líber, umewahi kucheza na nani? Mlinivika kilemba cha ukoka kila Krismasi, mkanipandisha juu ya gari la zimamoto, mimi niliyetoka kukaa benchi miezi sita! Nani kati yenu aliwahi kuniuliza nalala wapi? Nakula na nani?"

"Mimi niliuliza," alisema Nolo Silvera, mwokaji mikate, aliyekuwa kiungo wa akiba. "Nilikuuliza kama huko kuna mkate wa maana."

Watu wachache walicheka, kwa woga. Pocho alipiga kaunta kwa kiganja.

"Basi, ametubu, tumemsamehe, tuendelee! Shida ni Jumapili. Mwalimu, makaratasi hupotea. Juzi mvua haikuingia ofisini kwako?"

"Pocho," alisema Zulma, "nilikufelisha hesabu mara mbili. Usinilazimishe kukufelisha ya tatu."

"Basi tucheze naye hivyohivyo! Tushinde kwanza. Basso akileta pingamizi, tutabishana. Tutapeleka rufaa Montevideo, tutapata wakili. Kombe likishaingia humu, nani atakuja kulitoa? Wanaotaka Líber acheze, mikono juu!"

Mikono ilipanda. Líber aliitazama ikipanda, mikono ya watu aliokua nao, yenye makovu ya waya wa seng'enge na ya visu vya manyoya. Aliwahi kukaa katika vyumba vya aina hii. Katika lugha ambazo hakuzielewa, watu waliinua mikono au kalamu juu yake, wakaamua acheze, asicheze, auzwe, adungwe. Walimwambia tu: wewe ingia, mengine tuachie sisi. Hawa walikuwa wanasema maneno yaleyale kwa lugha ya mama yake.

"Shusheni mikono," alisema.

"Kura imeshapita, ndugu yangu," Pocho alimwambia kwa upole. "Wewe ingia tu. Mengine tuachie sisi."

"Shusheni mikono! Mimi si kondoo wenu! Tangu nina miaka kumi na mitano sijawahi hata mara moja kuamua mwenyewe kama nacheza au sichezi. Jumapili naamua. Sichezi. Mkishinda nikiwemo, Jumatatu kombe ni la Basso na mnalijua. Mkishinda bila mimi, ni lenu."

"Bila wewe hatushindi!"

"Basi mshindwe kwa miguu yenu."

Mtu fulani nyuma alisema, "Mwoga." Mwingine akasema Ulaya ilimharibu, ilimfanya awe mtu wa makaratasi. Heber alitoka nje bila kumtazama. Nolo mwokaji alikuwa bado ameketi, mikono kwenye mapaja. "Kwa hiyo nitacheza mimi," alisema, "na hakuna hata mmoja atakayeniuliza kama goti langu linataka?"

Ceferino alikuwa amevaa kofia yake. Alipita karibu na mwanawe akielekea mlangoni, akaenda zake.

Jumapili saa kumi jioni uwanja ulikuwa mgumu kama sakafu. Mchezaji aliyefungiwa haruhusiwi kukaa benchi, kwa hiyo Líber alisimama nyuma ya uzio wa waya, katikati ya watu waliomwachia nafasi pande zote kama aliyevaa shati lenye moto. Hatua kumi kutoka kwake alikuwa baba yake, wima, ameshika waya kwa mikono miwili. Alikuwa ametimiza neno lake: amekuja fainali.

Basso alipita na shati jeupe, mfuko wa kifua umetuna kwa karatasi. Alisoma orodha ya wachezaji iliyobandikwa mlangoni, akaisoma tena, akaja mpaka kwenye uzio.

"Hukuandikwa."

"Sikuandikwa."

"Waliogopa?"

"Waliinua mikono nicheze. Mimi ndiye niliyekataa."

Basso aligusa mfuko wenye karatasi. "Umeniharibia Jumapili yangu, Techera," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakuwa anacheka.

Kwa dakika sabini La Tijera waliteseka. Nolo Silvera alikimbia kama mtu anayebeba gunia la unga, akikata njia kwa tumbo, kwa nyonga, kwa lolote alilokuwa nalo. Líber aliona kila kosa kabla halijatendeka. Alishika waya mpaka vidole vikafa ganzi. "Kushoto, Nolo! Rudi! Usimfuate, mwache aje!" Hakuna aliyemsikia. Mara mbili mpira wa Comercio uligonga mwamba, na mara zote mbili watu waliomzunguka walimgeukia yeye, hawakuutazama mpira.

Dakika ya sabini na nane La Tijera walipata kona. Ilipigwa vibaya, chini, ikamgonga Nolo gotini, kwenye lile goti ambalo hakuna aliyeliuliza, ikamgonga beki wa Comercio mgongoni, ikaviringika ndani taratibu mbele ya kipa aliyekuwa ameshaanguka upande mwingine. Lilikuwa bao baya kuliko yote aliyowahi kuyaona katika nchi saba. Líber alipiga ukelele uliomchana koo. Alimkumbatia mtu asiyemjua. Kisha, huku mikono yake ikiwa bado shingoni mwa mtu huyo, kitu cheusi kilimjia, na alikitambua: wanaweza bila mimi. Hata hapa wanaweza.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, uzio uliinama kwa watu. Wazee waliolia walikuwa vijana mara ya mwisho klabu hii ilipokuwa bingwa. Basso aliitoa karatasi mfukoni, akaitazama kama tikiti ya bahati nasibu iliyokosa namba moja, akaikunja tena na kuondoka kabla ya foleni ya magari. Katikati ya uwanja Pocho alikuwa anawapanga watu kwa ajili ya picha, kombe mikononi, sauti imemwisha.

"Líber! Njoo hapa! Njoo, bwana, wewe ni wetu pia!"

"Aliyekaa nje abaki nje!" mtu akapaza sauti, na wengine wakacheka, si kwa ubaya sana, kwa furaha ya kumcheka mtu yeyote siku kama ile. Heber alimwinulia mkono kutoka mbali. Haukuwa msamaha kamili. Líber alitikisa kichwa. Angekuwa Ulaya, angeingia. Kule alisimama katika picha nyingi za ushindi usio wake, pembeni, mstari wa nyuma, akitabasamu kama alivyoagizwa. Alikaa upande wake wa waya.

Ceferino alimsogelea. Vumbi lilikuwa limemjaa kwenye mikunjo ya shingo.

"Hawakukuhitaji," alisema mzee.

"Hapana."

"Nilikuja kukuona ukicheza."

"Najua ulichokujia." Líber aligeuka akamkabili. Maneno yote ya miaka ishirini na mbili yaligombania mlango, na lililotoka halikuwa miongoni mwa yale aliyoyaandaa. "Ungeweza kuja Julai. Ungeweza kuja Agosti, nilipokuwa nacheza kila Jumapili mitaa minne kutoka mlangoni kwako. Umengoja fainali kwa sababu uliogopa kunitazama."

"Ndiyo," alisema mzee.

Neno hilo moja lilimkosesha pa kusimamia. Alikuwa kama mtu aliyeegemea ukuta, na ukuta umeondolewa.

"Nina miaka sabini na tisa," Ceferino aliendelea, kwa ukali, kana kwamba kosa la umri huo lilikuwa la mwanawe. "Zimebaki mechi ngapi?"

"Mbili."

"Ligi inaanza lini?"

"Machi."

"Utakuwa na miaka thelathini na minane, na goti hilo."

"Nawe themanini. Ngoja."

Alimwacha pale kwenye uzio, akapita kati ya watu waliorusha maji na bia, mpaka kwenye meza ndogo ambako Zulma Bentancor alikuwa anajaza taarifa ya mechi, kibuyu kimekandamiza karatasi zisipeperuke. Alisimama juu yake, kivuli chake kikafunika ukurasa.

"Sogea, Techera, nahitaji mwanga."

"Andika kwamba nimetumikia moja."

"Nitaandika. Acha kwanza nimalize wafungaji."

"Andika sasa, Mwalimu. Nataka kuona."

Alimtazama juu ya miwani, akaona uso wake, akafungua ukurasa mwingine na kuandika. Líber aliinama, akasoma mstari ule mara mbili, kisha akaenda kumuuliza Heber mazoezi ya msimu mpya yanaanza siku gani.